Sura ya Nne: Kufufua Mipaka Kabla ya Kufungua Pochi

Dalali anayeijua kazi yake hakupeleki kuona nyumba siku ya mvua. Anakupeleka Agosti, barabara ya vumbi ikipitika, ukuta ukiwa umepakwa rangi wiki iliyopita, na mwenye nyumba ameketi barazani na bahasha ya kaki mapajani. Ndani ya bahasha kuna hati. "Kaka, hapa hakuna mgogoro," anasema dalali. "Hati hiyo hapo, ishike mwenyewe." Unaishika. Ina muhuri, ina namba, na jina la muuzaji linafanana na la kwenye kitambulisho cha taifa. Mnunuzi wa mara ya kwanza, aliyechoshwa na kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hapo moyo humlainika. Anaanza kupanga makochi kichwani.

Sura hii inahusu kazi ya kufanya kati ya siku hiyo na siku ya kulipa. Hati ni maelezo ya kipande cha ardhi yaliyohifadhiwa ofisini. Haina namna ya kukuhakikishia kwamba kipande kinachoelezwa ndicho ulichokikanyaga, wala kwamba nyumba unayoitazama imejengwa ndani yake. Kuna kitu kilichoandikwa daftarini na kuna kitu kilichopo ardhini, na mtu pekee anayeweza kukuambia kama viwili hivyo vinalingana ni mpima aliyefika na vifaa vyake, akalipwa na wewe.

Tuseme nyumba yenyewe iko Kibada, Kigamboni. Kibada ni miongoni mwa maeneo ya Dar es Salaam yaliyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, sawa na Gezaulole, Toangoma, Bunju na Buyuni. Kwa karatasi ni eneo lililonyooka: lina mchoro wa mipangomiji, lina ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kila kiwanja kina namba na kitalu chake. Ndiyo sababu nimelichagua kwa mfano huu. Watu wengi hudhani hatari iko kule kusikopimwa tu, wakifika kwenye viwanja vilivyopimwa wanajiachia. Kumbe huko nako kuna makosa ya aina yake, na yanawanasa hasa wale waliosoma, kwa sababu wao ndio wanaoamini karatasi.

Makosa hayo huanza hivi. Wapima wanaweka bikoni, yaani nondo iliyozungushiwa zege, kila pembe ya kiwanja. Miaka inapita kabla ya mtu kujenga. Greda la barabara linang'oa mbili, kifusi kinafukia nyingine, na mchunga ng'ombe au mtoto anayeokota vyuma chakavu anamaliza zilizobaki. Anakuja mjenzi wa kwanza kwenye mstari, haoni alama, anakadiria, anasogea mita moja upande wa kulia. Wa pili hahangaiki kutafuta mpima. Anapima kwa futi kamba kuanzia ukuta wa wa kwanza. Wa tatu anafuata ukuta wa wa pili. Ukifika kwa wa kumi, kiwanja chake kinachungulia barabarani, au kimemegwa upana ambao hati bado inausema kwa uhakika wote. Wapo pia waliojenga nyumba nzima kwenye kiwanja cha mtu mwingine, pango la ardhi wanalipa kila mwaka, ila wanalipia kiwanja cha pili kutoka hapo, ambacho mpaka leo ni kichaka.

Kwa hiyo kazi ina hatua mbili, na ya kwanza ni ya ofisini. Omba nakala ya hati, kisha wewe au wakili wako mfanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Usimtume dalali. Majibu ya upekuzi yataonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa umiliki (hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, nawe unanunua ile iliyobaki), kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Mara nyingi zuio ni la mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya familia: mume au mke hawezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Ukisikia "shemeji yuko safarini, amekubali kwa simu", mwambie muuzaji utamsubiri shemeji arudi.

Wakati huohuo omba ramani ya upimaji ya kitalu hicho, pamoja na orodha ya majira ya pembe za kiwanja, yaani namba zinazoonyesha kila pembe iko wapi. Hapa wengi huishia njiani, kwa kuwa upekuzi umetoka safi na wanadhani kazi imekwisha. Upekuzi unajibu swali la nani anamiliki Kiwanja namba fulani. Swali la kiwanja hicho kiko wapi bado halijaguswa.

Hatua ya pili ndiyo ile inayoitwa kufufua mipaka. Mpima anachukua majira yaliyo kwenye ramani iliyoidhinishwa, anakwenda uwanjani, anaanzia kwenye alama za serikali zinazojulikana, halafu anatafuta pembe nne za kiwanja chako. Tafuta mpima aliyesajiliwa, na umtafute mwenyewe. Anaweza kuwa wa kampuni binafsi au wa halmashauri, lakini asiwe yule ambaye dalali "anamfahamu vizuri". Mpima aliyeletwa na muuzaji si lazima awe mwongo. Ila anajua nani atampa kazi nyingine mwezi ujao, na si wewe. Mkubaliane kwa maandishi atakachokukabidhi: jedwali la majira aliyoyakuta, mchoro unaoonyesha nyumba na kuta zilivyokaa ndani ya mipaka, maelezo ya bikoni zipi zimeonekana na zipi zimepotea, saini na muhuri. Anayekataa kuandika atakuwa amekuambia jambo kuhusu kazi yake.

Neno kuhusu simu. Siku hizi kila kijana ana programu ya ramani mkononi, na utakutana na mtu atakayekuambia mpima ni gharama za bure. Simu hukosea kwa mita kadhaa hata mahali pa wazi, na kwa kiwanja chenye upana wa mita 20, mita tano ni chumba cha kulala. Lipo na tatizo kubwa zaidi. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa majira uitwao Arc 1960, ambao haulingani na ule unaotumiwa na setilaiti za GPS. Ukiingiza namba za hati ya zamani kwenye simu bila kuzigeuza, utapelekwa mita 300 hivi kutoka mahali halisi. Nimewahi kumsikia mtu akiapa kwamba amedhulumiwa kiwanja kwa sababu simu ilimpeleka kwenye kisima cha jirani. Hakudhulumiwa. Alihitaji mpima.

Siku ya upimaji uwepo mwenyewe, na uvae viatu vya kazi. Utaona mpima anasimamisha kifaa chake, anasoma namba, anasogea hatua moja kushoto, anasoma tena, kisha anachomeka kijiti na kumwambia msaidizi wake achimbe. Mara nyingi bikoni ipo, futi moja chini ya kifusi. Ikipatikana, piga picha ikiwa ndani ya shimo lake na nyuma yake kionekane kitu kisichohama, kama pembe ya nyumba au nguzo ya umeme. Isipopatikana, mpima anajua pembe ilipotakiwa kuwa, lakini kurudisha bikoni mpya ni jambo lenye utaratibu wake kupitia ofisi ya ardhi. Wala usije ukashawishika kuichomeka mwenyewe au kuisogeza iliyopo. Kuharibu alama ya upimaji ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji wa Ardhi, Sura ya 324.

Kabla jembe halijagusa ardhi, piga hodi kwa majirani wa pande zote. Hili naliweka juu kuliko upekuzi, na wanasheria wataniwia radhi. Adabu inataka hivyo, halafu mtu akiona wageni wanapimapima karibu na ukuta wake bila salamu, kesho yake ana wakili. "Shikamoo mzee. Natarajia kuwa jirani yako, ndiyo maana nimekuja na mtu wa vipimo, nikaona nisianze bila kukuona." Mzee akishaitikia marahaba atakuambia mambo ambayo hayamo katika daftari lolote: maji ya masika yanapitia wapi, muuzaji aliwahi kushtakiwa na nani, na huyo anayejiita mwenye nyumba ni mtoto wa tatu kati ya saba. "Mwanangu, marehemu baba yao hakuacha wosia." Sentensi moja kama hiyo imeokoa watu wengi kuliko mihuri. Ikiwa nyumba ni ya mirathi, muuzaji halali ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto anayekaa humo.

Sasa tuseme ripoti imekuja, na inasema kiwanja cha mita 20 kwa 30 kipo, nyumba imo ndani, lakini ukuta wa jirani wa kushoto umeingia mita moja na nusu kwa urefu wote. Hizo ni mita za mraba 45 kati ya 600. Mnunuzi mwoga hukimbia, na mnunuzi mwenye haraka hunyamaza akitumaini mambo yatajipa. Wote wawili wamepoteza pesa ya mpima. Uliza kwanza ukuta una miaka mingapi. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai, anayedai ardhi ana miaka 12. Ukuta ulioachwa ukasimama muda huo bila mtu kuulalamikia ni habari tofauti na ule uliojengwa mwaka juzi. Kama ni mpya na jirani ni muungwana, muuzaji anaweza kukaa naye mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakayamaliza, na wewe ukasubiri. Kama ni wa zamani, chukulia kwamba unanunua mita za mraba 555, na bei ishuke kulingana na hilo. Kitu ambacho hutakiwi kukubali ni ahadi ya kwamba "hilo tutalishughulikia ukishahamia". Ukishahamia, mgogoro ni wako: utaanza kwa usuluhishi wa Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na muuzaji atakuwa amebadilisha namba ya simu.

Kusikopimwa

Sehemu kubwa ya nyumba ambazo mtu wa kipato cha kawaida anazimudu haziko Kibada. Ziko mahali ambapo kiwanja huuzwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, na hatua zenyewe ni za miguu ya muuzaji. Mpaka ni mstari wa minyaa au mkorosho wa marehemu bibi. Na karatasi ni ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Baadhi zina leseni ya makazi, ambayo Dar es Salaam ilitolewa kwa kutegemea daftari lililotengenezwa kwa picha za setilaiti. Leseni ni ya muda mfupi na haikuwekewa bikoni. Nyingine zina barua ya ofa ambayo haikuwahi kugeuzwa kuwa hati.

Sisemi usinunue huko. Ningesema hivyo ningekuwa nawaambia watu wengi wabaki wapangaji maisha yao yote. Ninachosema ni kwamba huko mpima anahitajika zaidi, ila kwa kazi nyingine. Hana bikoni za kufufua. Anachofanya ni kuchukua majira ya pembe kama muuzaji na majirani wanavyozionyesha, wote wakiwa wamesimama hapo na mjumbe akishuhudia, kisha kuyapeleka ofisi ya mipangomiji ya halmashauri yakalazwe juu ya michoro ya eneo hilo. Ni kazi ndogo yenye gharama ndogo ukilinganisha na bei ya nyumba. Jibu lake linaweza kuwa: eneo ni la makazi, liko ndani ya mpango wa urasimishaji. Linaweza pia kuwa: hapo mchoro unaonyesha uwanja wa shule, au eneo la wazi, au barabara ya mita 15 ambayo bado haijachongwa. Kwenye ardhi ya kijiji kuna sharti jingine: mauzo yanahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi.

Barabara ndiyo inayostahili aya yake. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, kupisha upanuzi wa barabara ambayo leo ina njia nane. Hifadhi iliyodaiwa pale ilikuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, kipimo kilichotokana na sheria ya enzi za ukoloni, ya mwaka 1932. Umeme ulikuwa umefika kwenye nyumba hizo, na maji pia. Kufika kwa huduma hakukuwa ushahidi wa chochote. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 nayo ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, hivyo aliyekuwa salama kwa kipimo cha zamani huenda hayuko salama kwa kipya. Mnunuzi anayetafuta nyumba "karibu na lami" kwa sababu ya fremu za biashara amwagize mpima apime kutoka katikati ya barabara hadi ukuta wa nyumba na aiandike namba hiyo kwenye ripoti. Fanya vivyo hivyo kwa mto na bahari, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60. Waliobomolewa bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 wanalijua hilo. Na kwa Kigamboni hasa, uliza habari za bomba. Bomba la mafuta la TAZAMA linaanzia huko kwenda Ndola, Zambia, na njia yake ina hifadhi.

Nyumba yenyewe

Mpima wa ardhi hatakuambia lolote kuhusu nyufa. Mthamini naye, kama unachukua mkopo, anakuja kwa niaba ya benki: anataka kujua nyumba ingeuzwa kwa bei gani iwapo utashindwa kulipa. Atatembea vyumbani dakika chache, atapiga picha, ataondoka. Watu hulipia ripoti yake na kudhani nyumba imekaguliwa, wakati iliyolindwa ni benki. Wa kumtafuta ni mhandisi wa majengo, au kwa uchache fundi mzoefu ambaye hana undugu na muuzaji wala tamaa ya kupewa kazi ya ukarabati.

Nenda naye masika kama unaweza, kati ya Machi na Mei. Ukichelewa hadi kiangazi, tafuta mstari wa matope ukutani, hasa nyuma ya nyumba ambako rangi haikufika. Ufa mwembamba kwenye plasta hauna shida. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, mpana juu kuliko chini, unaonyesha msingi umetitia upande mmoja, na huko ndiko pesa huzama. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole usikilize palipo na mvumo. Karibu na pwani tazama chini ya lenta na nguzo za baraza: mchanga wa chumvi ukitumika kwenye zege, nondo hushika kutu, huvimba, zege linapasuka na vyuma vinachungulia. Pandeni darini. Mbao zisizotiwa dawa mchwa hawaziachi, na madoa ya maji yatakuambia bati limetoboka wapi hata kama dari ya chini ni mpya. Dari mpya kwenye nyumba kuukuu inaulizwa swali. Uliza makaro yako wapi na yalinyonywa lini mara ya mwisho. Kule ambako maji ya ardhini yako juu, shimo hujaa kila masika na gari la maji taka huwa mgeni wa kudumu.

Omba pia kibali cha ujenzi. Wengi hawana, na muuzaji atashangaa umeuliza. Nyumba isiyo na kibali bado inanunulika, lakini bei yake isiwe ya nyumba yenye kibali.

Mezani

Sasa una karatasi tatu: majibu ya upekuzi, ripoti ya mpima, na maelezo ya mhandisi pamoja na makadirio ya fundi. Wanunuzi wa mara ya kwanza huzificha, kana kwamba kumkagua muuzaji ni kumtukana. Ziweke mezani. Bei ilikuwa milioni 95. Paa linahitaji milioni 6, ukuta wa jirani umekula mita 45 za mraba, kodi ya pango la ardhi haijalipwa miaka minne. Zungumza kwa namba hizo, si kwa "naomba unipunguzie kidogo, mzee wangu". Muuzaji mkweli huudhika kidogo kisha huanza kuhesabu na wewe. Dalali ndiye atakayepandisha sauti, kwa kuwa asilimia kumi yake inategemea bei na haraka, na atakuambia yupo mteja mwingine kutoka Oman anayelipa taslimu leo jioni. Mteja huyo wa Oman, kwa jinsi anavyotajwa, angekuwa ameshanunua Kigamboni yote.

Kishika uchumba kikidaiwa kabla ya ripoti kukamilika, kitolewe tu kwa mkataba ulioandikwa na wakili, wenye kifungu kinachosema fedha itarudi iwapo mipaka haitalingana na hati au upekuzi utaonyesha deni. Muuzaji akikataa kifungu hicho, mshukuru kwa chai na uondoke. Akikubali, malipo yaliyobaki yafuate hatua za uhamisho wa umiliki, si siku za wiki. Na mara hati ikishatoka kwa jina lako, peleka nakala ya ripoti ya mpima ikakae pamoja nayo. Siku utakayoomba kibali cha kuongeza vyumba vya uani, au jirani mpya atakapoanza kuchimba msingi upande wa kulia, ndiyo utakayoitoa kwanza.